Matone Mawili Yanayomfuata Mtoto: Safari ya Lodwar na Kakuma

Wengi wetu tunaoishi mijini tunaijua Turkana kupitia picha za ukame. Mvua zikikosa, magazeti hutuletea picha ya mbuzi aliyekonda na mama aliyebeba mtungi wa maji kichwani. Sisi hutikisa vichwa kwa huruma, kisha tukafungua ukurasa mwingine. Leo nakualika tuizuru Turkana kwa sababu nyingine kabisa. Tutakifuata kisanduku kidogo cha plastiki chenye barafu ndani yake, tukitoka nacho Lodwar hadi Kakuma. Ndani ya kisanduku hicho mna vichupa vya chanjo ya polio. Kabla hatujaagana utaona kwamba kinamhusu mwanao wa Umoja, Kisumu au Eastleigh kama kinavyomhusu mtoto wa mfugaji.

KUITEREMKIA NCHI YA JUA

Ukisafiri kwa barabara kutoka Nairobi, jiandae kwa mwendo wa karibu kilomita 700. Basi likishaiacha Kitale na mashamba yake ya mahindi, utapita Kapenguria, mji ambako Mzee Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa mwaka wa 1952 na kuhukumiwa mwaka uliofuata. Baada ya hapo barabara inaanza kuteremka. Inajipinda kwenye milima ya Pokot, inapita Ortum na Marich, na kila kona unayoimaliza joto linazidi kupanda. Blanketi ulilojifunika usiku sasa unalikunja na kulitia mkobani.

Kainuk ndio mlango wa Turkana. Kuanzia hapo nchi inatandazika tambarare. Kuna migunga, mchanga, vichuguu virefu vya mchwa vilivyosimama kama nguzo, na mito mikavu ambayo wenyeji na madereva huiita laga. Usidanganywe na ukavu wa laga. Mvua ikinyesha milimani, ambako wewe hata huoni wingu, maji hushuka kwa ghafla na kuchukua gari, mbuzi na mtu. Msafiri mwenye busara hulisubiri laga lipungue, hata kama ni kukesha hapo.

Ukipita Lokichar, hatimaye unaingia Lodwar. Huu ndio mji mkuu wa Kaunti ya Turkana, uliojengwa kando ya mto Turkwel. Mto huo huanzia Mlima Elgon na kumwaga maji yake katika Ziwa Turkana. Kandokando yake imeota mikoma, na majani yake akina mama huyasuka vikapu na mikeka wanayoiuza mjini. Juu ya kilima kimoja imesimama sanamu ya Kristo iliyonyosha mikono, na mjini kuna nyumba ambamo Mzee Kenyatta aliwekwa kizuizini kuanzia 1959 hadi 1961, alipohamishiwa Maralal. Wakoloni waliichagua Lodwar kwa sababu waliiona kuwa mwisho wa dunia. Mchana joto hupita nyuzi 35 mara nyingi, na upepo unaovuma ni kama wa mdomo wa tanuri.

Mwenyeji akikusalimu, "Ejoka?", mjibu, "Ejok nooi," yaani ni kwema sana. Salamu hiyo itakufungulia milango mingi kuliko noti yoyote mfukoni mwako.

ADUI ASIYEONEKANA

Kabla hatujakibeba kisanduku chetu, hebu tumjue adui. Polio ni ugonjwa wa virusi. Virusi hivyo huishi katika utumbo wa mtu, vikatoka kwa njia ya choo kubwa, na vikaingia kwa mwingine kupitia maji machafu, chakula au mikono isiyonawiwa. Watoto walio chini ya miaka mitano ndio wanaoathirika zaidi.

Ujanja wa polio ni kwamba haijitangazi. Watoto wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote, au hupata homa ndogo ikapita. Lakini takriban mmoja katika kila 200 hupooza. Mtoto hulala jana akicheza, na leo mguu haunyanyuki. Kupooza huko hakuponi. Mazoezi ya viungo na vyuma vya miguu husaidia, lakini dawa ya kuirudisha misuli iliyokufa haipo. Miongoni mwa wanaopooza, watu 5 hadi 10 katika kila 100 hufariki kwa sababu misuli ya kupumulia nayo hugoma.

Kwa hiyo, msomaji, mtoto mmoja aliyepooza ni sawa na moshi unaouona juu ya paa. Moto wenyewe umekwisha kuenea chini ambako huoni.

Kinga nayo ipo tangu zamani. Daktari Jonas Salk wa Marekani alitoa chanjo ya sindano mwaka 1955. Mwenzake Albert Sabin akafuata na chanjo ya matone, ambayo ilianza kutumika kwa wingi miaka ya mwanzo ya 1960. Matone ya Sabin ndiyo yaliyoenea Afrika, kwani ni rahisi, hayahitaji sindano, na yeyote aliyefunzwa kwa siku chache anaweza kuyatia mdomoni mwa mtoto. Ni matone mawili tu. Kazi ngumu ni kuyafikisha kwa mwenyewe.

KISANDUKU CHA BARIDI

Chanjo ya matone ndiyo inayochukia joto kuliko chanjo nyingine karibu zote. Katika maghala makubwa huhifadhiwa ikiwa imegandishwa, nyuzi 20 chini ya sifuri. Ikisafirishwa kwenda kwa watoto, hutiwa katika kisanduku maalumu kilichopangwa pakiti za barafu pande zote. Sasa fikiri juu ya Lodwar. Barafu hiyo inatembea katika nchi ambayo jiwe la saa nane mchana hulikalii. Ikiyeyuka kabla chanjo haijafika, safari yote imekwenda bure.

Huko mbali, ambako nguzo za umeme hazijafika, zahanati hutegemea friji zinazoendeshwa kwa nguvu za jua. Ni jambo la kupendeza kwamba jua lilelile linaloiharibu chanjo ndilo linaloipoza.

Na mchanjaji atajuaje kwamba chanjo aliyoibeba siku nzima kwa pikipiki ingali nzima? Tazama kichupa chenyewe. Kwenye kibandiko chake kuna duara, na ndani ya duara kuna mraba mdogo mweupe. Kadiri joto linavyoipiga chanjo, mraba huo hugeuka rangi na kuwa mweusi polepole. Mraba ukifanana na duara, chanjo hiyo imeharibika na hutupwa. Alama hiyo ilianza kuwekwa kwenye vichupa vya polio mwaka 1996, na imewaokoa wachanjaji na shaka. Hata asiyejua kusoma anaweza kuitazama akasema hii ni nzima, ile imekufa.

NYUMBA KWA NYUMBA PASIPO NA NYUMBA

Huku mijini kampeni ya chanjo ni jambo tulilolizoea. Wachanjaji hupita mlango hadi mlango, hutia matone, humpaka mtoto wino kwenye kidole cha mwisho, kisha huandika ukutani kwa chaki ili anayekagua ajue nyumba hiyo imemalizwa. Sasa ipeleke kazi hiyo Turkana. Kaunti hii ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na ni takriban mara 100 ya eneo la jiji la Nairobi. Hesabu ya watu ya 2019 ilipata wakazi 926,976 katika eneo hilo lote. Wengi wao ni wafugaji wa ng'ombe, ngamia, mbuzi, kondoo na punda, na maisha yao hufuata nyasi na maji.

Wafugaji hao huhama kwa makundi makubwa ya familia na mifugo yao, ambayo kwa Kiturkana huitwa adakar. Leo adakar iko bondeni, na wiki ijayo imehamia mguu wa mlima. Kibanda chao ni cha matawi na majani, na mlango wake si ubao wa kuandikiwa chaki. Mchanjaji anaweza kufika mahali alipoambiwa kuna watoto 40 akakuta majivu ya meko, samadi kavu na nyayo za punda zinazoelekea upande wa mpaka.

Hata majina ya watoto yanakusimulia maisha hayo. Ekiru na Akiru ni waliozaliwa wakati wa mvua. Ewoi ni aliyezaliwa chini ya mgunga. Naye Erot ni aliyezaliwa njiani, familia ikiwa safarini. Mratibu wa chanjo wa Kenya anataka mtoto apate tone la kwanza anapozaliwa, kisha akiwa na wiki 6, 10 na 14. Je, Erot aliyezaliwa njiani atazipataje tarehe hizo, iwapo hakuna wa kumfuata njiani?

Ndipo ikabidi kazi igeuzwe. Badala ya kumngoja mtoto zahanatini, wachanjaji humvizia pale ambapo ni lazima apite. Huenda kwenye visima alfajiri, kabla mifugo haijanyweshwa na kuondoka. Huenda kwenye minada ya mbuzi, na mahali chakula cha msaada kinapogawiwa. Humwuliza chifu, mzee wa adakar na kijana mchungaji, kwa maana mchungaji ndiye anayejua nani amehamia wapi na lini. Mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye ni mwana wa hapohapo, ndiye anayeongoza pikipiki. Pikipiki ikishindwa na mchanga, kisanduku huwekwa begani na safari huendelea kwa miguu.

Jambo jingine ni kwamba mfugaji hajui mpaka kama ulivyochorwa kwenye ramani ya shule. Waturkana wa Kenya, Watoposa wa Sudan Kusini na Wakaramojong wa Uganda husikilizana kwa lugha. Wamepigania malisho na wamepatana pia. Mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja waliweka mapatano ya amani kule Lokiriama, na yangali yanakumbukwa hadi leo. Mifugo ikivuka, watoto huvuka nayo, na virusi huvuka ndani ya watoto. Kwa sababu hiyo nchi hizi hujaribu kupanga kampeni zao kwa siku zinazokaribiana, ili mtoto aliyekosekana upande huu apatikane upande wa pili.

MWAKA WALIOPOOZA 19

Kenya ilikuwa imeisahau polio. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa na virusi vya humu nchini alipatikana mwaka 1984. Miaka 22 ikapita, hadi 2006, ugonjwa ulipojitokeza katika kambi za wakimbizi za Dadaab ukitokea Somalia. Kisha mwaka 2009 ukaingia Turkana. Safari hii ulitokea Sudan ya Kusini, ambayo wakati huo ilikuwa bado sehemu ya Sudan. Kufikia mwisho wa mlipuko huo, watu 19 walikuwa wamethibitishwa kupooza.

Rudi kwenye hesabu yetu ya mmoja kwa 200. Ukizidisha 19 kwa 200 unapata 3,800. Hayo ndiyo makadirio ya idadi ya walioibeba polio Turkana mwaka huo, wakacheza, wakachota maji na kuvuka mito mikavu, bila mtu kujua. Kampeni baada ya kampeni zikafanywa kaskazini hadi moto ukazimwa. Lakini 2011 ugonjwa ukazuka Rongo, mbali kabisa kusini-magharibi, na 2013 ukarudi upande wa Dadaab, ambako watu 14 walipatwa. Mwaka huohuo Somalia ilikuwa na wagonjwa 194. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

KAKUMA, MJI WA WALIOKIMBIA

Sasa tukiache Lodwar, tushike barabara ya kaskazini-magharibi. Ni kilomita 120 hivi hadi Kakuma. Zamani msafara ulisindikizwa na askari, na lori lilihesabu mashimo siku kutwa. Siku hizi lami imeirahisisha sana safari hiyo. Njiani utaona ngamia wakivuka kwa maringo, na watoto wakikupungia mitungi mitupu kuomba maji. Ukiweza, simama uwape.

Kakuma ulikuwa mji mdogo kando ya laga la Tarach. Mwaka 1992 walifika maelfu ya wavulana wa Sudan waliokuwa wametembea kwa miguu kutoka kwao hadi Ethiopia, wakafukuzwa huko na vita vya 1991, wakatembea tena hadi Kenya. Kambi ikaanzishwa kwa ajili yao. Baada yao wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengineo. Mwaka 2016 makazi mapya yakafunguliwa karibu yake, Kalobeyei, ili wakimbizi na wenyeji watumie pamoja shule na hospitali. Kufikia 2024 Kakuma na Kalobeyei zilikuwa na takriban watu 300,000, idadi ambayo ni zaidi ya ya miji mingi tunayoijua.

Tembea katika soko la Kakuma usikie Kiarabu cha Juba, Kisomali, Kiamhara, Kiturkana na Kiswahili cha Kongo katika hatua 50. Kuna vinyozi, maduka ya nguo, mikahawa ya Kihabeshi yenye kahawa iliyokaangwa papo hapo. Lakini pia kuna foleni ndefu za maji, vyoo vinavyotumiwa na watu wengi, na wageni wanaowasili kila wakati. Katika lugha ya polio, hayo ni mazingira ya karamu. Hii ndiyo sababu mtoto mkimbizi anapopokewa, chanjo huwa miongoni mwa mambo ya kwanza anayopewa.

Licha ya hayo, Septemba 2024 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba virusi vya polio vya aina ya pili vimepatikana mara tano. Mara nne vilipatikana katika kambi ya Kakuma. Ya tano ilikuwa Kamukunji, Nairobi.

Isome tena sentensi hiyo ya mwisho, msomaji wangu wa jijini. Hakuna ndege wala basi lililohitaji tiketi maalumu. Virusi husafiri ndani ya watu, na watu wa Kakuma na wa Kamukunji wana ndugu, biashara na masomo pande zote mbili. Hata miaka sita kabla yake, mwaka 2018, virusi vya aina hiyohiyo vilipatikana katika maji taka ya Eastleigh. Oktoba 2024 kampeni ilianzishwa katika kaunti tisa, Turkana na Nairobi zikiwemo, kwa lengo la kuwafikia watoto milioni 3.8 walio chini ya miaka mitano.

SWALI LINALOSTAHILI JIBU

Hapa kuna jambo ambalo wazazi huliuliza kwa sauti ya chini, nalo linastahili kujibiwa kwa sauti ya juu. Je, ni kweli kwamba virusi hivyo vya Kakuma vilitokana na chanjo yenyewe?

Naam, ni kweli, lakini sikiliza hadi mwisho. Chanjo ya matone ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtoto akivimeza, mwili wake hujifunza kupigana, kisha virusi hivyo dhaifu hutoka kwa choo. Mahali ambapo karibu watoto wote wamechanjwa, safari ya virusi hivyo huishia hapo. Lakini mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, virusi dhaifu huhama kutoka mtoto hadi mtoto kwa miezi mingi, navyo hubadilika kidogo kidogo hadi vikarudisha nguvu ya kupoozesha. Aina ya pili ndiyo iliyozoea kufanya hivyo. Iliondolewa katika matone ya kawaida dunia nzima mwezi Aprili 2016, kwa kuwa virusi vya asili vya aina hiyo vilikuwa vimetangazwa kutokomezwa mwaka 2015. Tangu hapo watoto wadogo wamekuwa na kinga haba ya utumboni dhidi ya aina ya pili, ingawa sindano wanayopewa wakiwa na wiki 14, iliyoanza kutolewa Kenya mwishoni mwa 2015, huwakinga wasipooze.

Wataalamu hawakukaa bure. Walitengeneza matone mapya ya aina ya pili ambayo virusi vyake vimefungwa vizuri zaidi visibadilike ovyo. Yalianza kutumiwa 2021, na ndiyo yaliyotumika katika kampeni ya 2024. Sasa utaona kwamba anayemficha mtoto wake asichanjwe kwa kuogopa virusi hivi ndiye anayevipa nafasi. Vinanawiri palipo na mapengo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuna swali la pili, nalo ni zito kuliko hilo. Mama wa Turkana huona gari likija na matone leo, likija tena mwezi ujao, na tena baada ya hapo. Huuliza: mbona matone yanafika mara nyingi hivi, lakini maji hayafiki hata mara moja? Mbona mnajali mguu wa mtoto wala hamjali tumbo lake? Mama huyo hakatai chanjo. Anatukumbusha kwamba polio huingia kwa njia ya maji machafu na ukosefu wa vyoo. Kampeni isiyosikia neno lake itaonekana kama shughuli ya wageni. Penye busara, wachanjaji huja pia na dawa za minyoo, vitamini A na chanjo ya surua, na pengine mifugo nayo huchanjwa siku hiyohiyo. Hapo mzee huleta ng'ombe wake na mkewe huleta watoto, na kila mmoja huondoka ameridhika.

WAPELELEZI WA MIGUU

Kuchanja ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni upelelezi. Kila mtoto aliye chini ya miaka 15 ambaye kiungo chake kimelegea ghafla, sababu iwayo yote, ni lazima apelelezwe. Sampuli mbili za choo huchukuliwa kwa muda wa saa 24 au zaidi baina yake, zote ndani ya siku 14 tangu alipoanza kulegea. Nazo, kama ilivyo chanjo, husafiri zikiwa baridi. Kutoka adakar hadi zahanati, kutoka zahanati hadi Lodwar, na kutoka Lodwar hadi maabara ya KEMRI jijini Nairobi. Kisanduku cha barafu kilichokwenda na matone hurudi na ushahidi.

Katika mnyororo huo, anayeanza si daktari. Ni mchungaji, mkunga wa kienyeji, mganga au jirani anayemwona mtoto akiburura mguu akamwambia mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Akingoja mwezi mmoja, ushahidi umekwisha kupotea.

Je, kazi yote hii ina mwisho? Mwaka 1988, mataifa yalipoapa kuitokomeza polio, watu wapatao 350,000 walikuwa wakipooza kila mwaka katika nchi 125. Mwaka 1996 Mzee Nelson Mandela aliliita bara zima liipige polio teke. Tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa haina tena virusi vya asili. Ni kweli virusi vya asili kutoka Pakistan vilijipenyeza baadaye hadi Malawi na Msumbiji, lakini vilizimwa. Sasa virusi hivyo vimebakia na makao yake katika nchi mbili tu, Pakistan na Afghanistan.

Na tuna mfano wa jirani. Mtu wa mwisho duniani kupatwa na ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwaka 1977. Alipona. Baadaye alijitolea katika kampeni za polio, akiwasihi wazazi wachanje watoto, na kuwaambia kwamba yeye aliikwepa chanjo ya ndui na ndui ikamshika. Alifariki Julai 2013 akiwa katika kazi hiyohiyo, wakati polio iliporudi Somalia. Alitaka nchi yake, iliyokuwa ya mwisho kwa ndui, isiwe ya mwisho kwa polio.

WEWE JE?

Ukienda Turkana, nenda ukaone ziwa, ununue kikapu cha mkoma na kunywa kahawa Kakuma. Beba maji mengi na kofia pana. Ukienda na watoto wadogo, hakikisha chanjo zao zimekamilika kabla hujapanda basi.

Usiende pia, kazi ingali mlangoni pako. Leo jioni kitoe kile kitabu cha kliniki kabatini. Tazama mistari ya polio: kuzaliwa, wiki 6, wiki 10, wiki 14, pamoja na sindano. Ukiona nafasi tupu, mpeleke mtoto kituo cha afya kilicho karibu. Hakuna aliyechelewa mno asiweze kusaidiwa. Mwulize msichana anayekusaidia nyumbani kuhusu mtoto wake pia, na mlinzi wa langoni vilevile. Na wachanjaji wakibisha hodi katika kampeni ijayo, hata kama mwanao alikwisha pata matone yote, fungua. Matone ya ziada hayamdhuru.

Kule kaskazini kuna mtu aliyetembea juani na kisanduku begani akimtafuta Erot, ili virusi visifike kwako. Asije akamaliza kilomita zote hizo halafu pengo likapatikana katika nyumba yenye mlango, kengele na nambari.